Mafua Yakiingia, Kinywa Kisisahaulike

Leo nazungumzia fizi na mafua kwa pamoja, na najua yuko anayejiuliza vitu viwili hivyo vinakutana wapi. Vinakutana mdomoni, tena karibu kila mwaka, na sisi hatuvioni kwa sababu macho yetu yote yako puani na kifuani.

Kipupwe kimeingia. Kusi linavuma, wavuvi wanarudi wamejikunyata, na asubuhi kina mama wanatoka na kanga ya pili mabegani. Kila nyumba ina mtu anayepiga chafya. Sasa mtazame mgonjwa wa mafua makali anavyokaa ndani. Anajifunika gubigubi, chakula hakitaki, kuoga anakwepa, na kitu cha kwanza anachokiacha bila mtu yeyote kumuuliza ni mswaki. Siku ya tano au ya sita homa inashuka, anainuka, anapiga mswaki, anatema, anaona damu. "Lo, homa hii ilikuwa kali mpaka imenitoa damu kwenye meno!" Basi anauogopa mswaki na kuuacha tena wiki nzima.

Nasema hivi: siku za mafua ndizo siku ambazo kinywa kinahitaji kusafishwa kuliko siku nyingine zote, na sisi tumezoea kufanya kinyume chake.

Tuanze na mate. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku. Mate hayo yanaosha meno, yanapunguza makali ya asidi, na yana chembe za kinga zinazopambana na vijidudu. Pua ikiziba unapumua kwa mdomo usiku kucha, na hewa inakausha fizi, hasa zile za meno ya mbele ya juu ambako mdomo ndiko unakoachama. Homa nayo inakula maji ya mwili. Halafu unameza Piritoni ili makamasi yakome, na kweli yanakoma, lakini dawa hiyo haichagui: inakausha pua, inakausha na mate. Mtoto anapewa dawa ya kikohozi ya maji, tamu kama sharubati, kijiko cha mwisho akiwa kitandani tayari, na anasinzia sukari ikiwa imetanda kwenye meno. Huku nyuma ule utando tunaouita ukoga unanenepa kila saa, na hakuna wa kuuondoa.

Virusi vyenyewe havikai puani tu. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba virusi vya UVIKO-19 vinaweza kuingia katika tezi za mate na katika ngozi laini ya ndani ya kinywa na kuzaliana humo. Kwa hiyo kinywa si njia ya kupita tu. Lakini nisikutishe kupita kiasi. Kwa mafua haya ya kawaida, madhara makubwa kwa fizi hayatoki kwa kirusi moja kwa moja. Yanatoka kwenye ukavu, kwenye sukari, na kwenye mswaki uliowekwa kando.

Kuna jaribio moja la zamani ambalo madaktari wa meno wote wanalisoma. Mwaka 1965, katika mji wa Aarhus, Denmark, mtafiti Harald Löe aliwaomba watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, waache kabisa kusafisha meno. Hawakuwa na homa wala mafua, walikuwa wazima wa afya. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na fizi nyekundu zilizovimba. Waliporudi kwenye mswaki, fizi zilipona ndani ya wiki moja hivi. Utasema, siku tano za mafua si siku kumi. Kweli, lakini wale walianza na vinywa safi. Wengi wetu tunaanza na ugaga wa miaka, ule mgumu wa manjano nyuma ya meno ya chini, na fizi ambazo tayari zinaumwa kimyakimya. Mafua yanakuta ugonjwa upo na kuuchochea. Ndiyo maana damu ile ya siku ya sita haikuletwa na mswaki. Dawa yake ni kuendelea kupiga mswaki, taratibu, wenye nywele laini, ukipita pale pale fizi inapokutana na jino. Ikiwa baada ya wiki mbili bado inatoka, hilo si la mafua tena. Nenda ukamwone daktari wa meno, hospitali ya Kinyonga kwa watu wa Kilwa, hospitali ya Sokoine kwa watu wa Lindi, akuondolee ugaga. Mama mjamzito na mwenye kisukari wasisubiri hata hizo wiki mbili.

Sasa nizungumzie limau, maana nikiliruka mtasema nimelikwepa.

Mnaukumbuka mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 hapa Tanzania alitangazwa Machi 16, na muda si muda nyungu zilikuwa zinachemka kila mtaa, mchaichai, mwarobaini, mkaratusi, na limau na tangawizi zikawa dawa ya kila nyumba. Kuna watu walikuwa wanatembea na kipande cha limau mdomoni kutwa nzima.

Limau silidharau. Pwani hii yenyewe ina ushahidi wake. Januari 1499 Vasco da Gama alikuwa anarudi kutoka India, mabaharia wake fizi zimevimba mpaka zinafunika meno, wengine wameshakufa. Ni kiseyeye kile. Walipotia nanga Malindi, jambo moja waliloagiza kutoka nchi kavu kwa ajili ya wagonjwa ni machungwa. (Kilwa alifika miaka michache baadaye, 1502, na safari hiyo hakuja kuomba machungwa, alikuja kudai kodi.) Machungwa yanatibu kiseyeye kwa sababu kiseyeye ni njaa ya vitamini C, na hao walikuwa wamekaa miezi baharini wakila biskuti kavu na nyama ya chumvi. Wewe wa Kilwa Masoko unayekula embe, pera, papai na mchicha, fizi zako zikivuja damu siku ya sita ya mafua huna kiseyeye. Limau la kutwa nzima halitakuongezea kinga kinywani, litakulainishia ngozi ngumu ya jino, na ngozi hiyo ikishalika haioti tena. Kama unalipenda, likamulie kwenye maji, unywe mara moja umalize, usukutue kwa maji matupu, na usipige mswaki mpaka nusu saa ipite. Asali ukiweka, jua ni sukari.

Hapo nimezungumzia mafua yanavyoharibu fizi. Upande wa pili ndio mzito zaidi, nao ni fizi mbovu zinavyoyazidisha mafua.

Mwaka 2021 watafiti wa Qatar, na huko wengi mna shemeji na wapwa, walichapisha hesabu za wagonjwa 568 wa UVIKO-19 ambao rekodi zao za meno zilikuwepo. Wale waliokuwa na ugonjwa wa fizi uliokwishafika kwenye mfupa walikuwa na uwezekano wa kuingia chumba cha wagonjwa mahututi mara tatu na nusu kuliko wenzao, na wa kufa karibu mara tisa. Nilipoisoma namba hiyo ya mwisho nilisita. Waliofariki katika kundi hilo walikuwa wachache, na mwenye fizi mbovu mara nyingi ndiye pia mvuta sigara, ndiye mwenye kisukari, ndiye mzee. Watafiti walijitahidi kuyatenga mambo hayo katika hesabu, lakini utafiti wa namna hiyo unaonyesha vitu viwili vinatembea pamoja, hauthibitishi kwamba kimoja kimekizaa kingine. Kwa hiyo usiende kijiweni ukasema redio imesema fizi zinaua.

Wajapani ndio waliojaribu kwa vitendo. Walichukua nyumba 11 za kutunzia wazee, wazee 417. Nusu wakasafishwa vinywa na wahudumu kila baada ya mlo, na daktari au fundi wa meno akipita kila wiki. Nusu nyingine wakaachwa na mazoea yao. Baada ya miaka miwili, waliopata nimonia upande wa walioachwa walikuwa asilimia 19, na upande wa waliosafishwa asilimia 11. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2002. Sababu yake si ya ajabu. Mtu akilala, hasa mzee, hasa mgonjwa, mate kidogo huteremka upande wa mapafu. Mate yakiwa machafu, yanashuka na uchafu wake. Na mapafu yaliyokwisha kuchubuliwa na kirusi cha mafua hayana nguvu ya kujitetea. Hata katika ile homa kuu ya mafua ya mwaka 1918 iliyoizunguka dunia nzima, wengi wa waliokufa hawakumalizwa na kirusi peke yake, walimalizwa na bakteria walioingia mapafuni nyuma yake.

Hapo ndipo ninapomfikiria bibi yetu aliyelala ndani.

Mzee akiugua huku kwetu haachwi. Anachemshiwa uji, anasuguliwa mafuta ya nazi kifuani, anageuzwa, anaogeshwa, anasomewa. Lakini kinywa chake nani anakiangalia? Mara nyingi anayemuuguza ni mkwe, mke wa mtoto wake, na kumfungulia mama mkwe mdomo ukaingiza kidole ni jambo zito, heshima inazuia. Binti naye anaona haya. Basi siku zinapita, mdomo unakauka, ulimi unaota utando mweupe, harufu inaanza, na watu wanasema ni harufu ya ugonjwa. Mimi nadhani dawa ya haya hiyo tunayo wenyewe: mjukuu. Mjukuu na bibi wana utani wao, anaweza kumwambia, "Bibi mke wangu, fungua mdomo nione kama meno yako bado yapo," bibi akacheka, na kazi ikaisha. Amnyanyue kichwa kwa mito asije akapaliwa. Achukue mswaki laini, au kitambaa safi cha pamba kilicholowana, akizungushe kidoleni, apitishe kwenye fizi, meno, ulimi na ndani ya mashavu. Kama kuna meno ya bandia yatolewe usiku, yasuguliwe, yalazwe kwenye maji. Asubuhi na kabla ya kulala inatosha. Hata asiye na jino moja ana fizi.

Vifaa si lazima vitoke mbali. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar es Salaam huku Kilwa, magari yalikwama, na mtu aliyesubiri kitu kutoka mjini alisubiri kweli. Mswaki wa mti hausubiri gari. Shirika la Afya Duniani limeunga mkono matumizi yake tangu miaka ya 1980, na Waislamu hawakusubiri kuambiwa. Kosa letu ni kutafuna upande mmoja huku tukipiga soga, na kusugua meno ya mbele tu yanayoonekana mtu akicheka. Ukate ncha kila siku, utafune upya mpaka nyuzi ziwe laini, ufike mpaka magego, na usifukue fizi kwa kijiti kigumu. Chumvi nayo inavunwa papa hapa kwenye majaruba ya pwani yetu: nusu kijiko cha chai ndani ya glasi ya maji ya uvuguvugu, sukutua, tema. Inatuliza fizi na koo. Haiui kirusi wala haishiki nafasi ya mswaki, na aliyekuuzia maneno kwamba inatibu UVIKO alikuuzia maneno.

Jambo dogo ambalo nyumba nyingi zinalisahau: miswaki ya familia nzima imesimama kwenye kikombe kimoja, nywele zinagusana. Wakati wa mafua utengeni mswaki wa mgonjwa. Na mabaharia mnaolala wanne kwenye jahazi la kwenda Songo Songo, mswaki wa kuazimana acheni, iwe mafua yapo au hayapo.

Watoto wanahitaji maneno yao peke yao, kwa sababu kwao fizi zinaweza kugeuka hatari ndani ya siku chache.

Surua ni ugonjwa wa virusi unaosambaa kwa hewa, kwa kikohozi na chafya, na ni mwepesi kuambukiza kuliko mafua yoyote. Watu wengi wanauona ni upele. Lakini surua inaiangusha kinga ya mtoto, na kuiacha chini kwa miezi baada ya upele kupona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba watoto wasiochanjwa waliougua surua walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kinga walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Mtoto wa namna hiyo, akiwa na lishe duni na kinywa kichafu, anaweza kupata kidonda kwenye ufizi kinachonuka vibaya, shavu likavimba, na ndani ya siku chache nyama ya uso ikaanza kuoza. Ugonjwa huo madaktari wanauita noma, na hapa siyo noma ya vijana wa mjini. Huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 6, na wasiotibiwa, hadi 90 katika kila 100 hufa. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Si ugonjwa wa kila siku, na wengi wenu hamtauona maishani. Nautaja kwa sababu ukiwahiwa ungali kwenye ufizi, dawa za kawaida za kuua bakteria, kusafisha kidonda na chakula chenye lishe vinautibu. Mtoto aliyetoka kuugua surua akikataa kula na mdomo wake unanuka, usiseme ni kinyaa cha ugonjwa, mnyanyue mdomo uangalie. Na chanjo ya surua na rubela inatolewa bure, akitimiza miezi 9 na tena miezi 18. Hiyo ya pili ndiyo kina mama wengi tunaichelewesha, mtoto akishaanza kukimbia.

Halafu kuna damu isiyohusiana na mafua hata kidogo. Julai 2022, hapa hapa mkoani Lindi, wilaya ya Ruangwa, watu walianza kuugua homa, kichwa, uchovu, na wengine kutokwa damu puani. Mitaani ikasemwa UVIKO, ikasemwa Ebola. Vipimo vikakataa yote mawili. Wataalamu waliporudi na jibu, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akatangaza kuwa ni homa ya mgunda, ya bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, wagonjwa 20, vifo vitatu. Mwaka 2019 Dar es Salaam ilikuwa na mlipuko mkubwa wa homa ya dengi, ya mbu wa mchana, na kwa dengi damu kwenye fizi ni moja ya dalili za hatari. Kwa hiyo pima: damu kidogo unapopiga mswaki, bila homa, baada ya wiki ya mafua, ni ya ukoga. Damu inayotoka yenyewe, puani au kwenye fizi, na mwili una moto, hiyo ni ya hospitali, leo. Na njiani usimeze aspirini, inaongeza kuvuja damu. Ukihitaji kitu cha homa, meza panadoli.

Nimelibakiza hili la mwisho kwa makusudi, kwa sababu linauma.

Katika sehemu nyingi za Tanzania kuna imani ya meno ya plastiki, wengine wanayaita meno ya nailoni. Mtoto mchanga ana homa, anakohoa, anaharisha. Bibi au jirani anamfungua mdomo, anaona vivimbe vyeupe kwenye ufizi, na anasema hayo ndiyo yanayomuumiza. Anapelekwa kwa mtu mwenye kisu au spoku ya baiskeli iliyonolewa, anachanwa ufizi, kinatolewa kitu cheupe laini, na wazazi wanaonyeshwa: tazameni, jino la plastiki. Madaktari wa meno wa Tanzania wameliandika jambo hili tangu miaka ya 1980 na 1990. Kile kitu cheupe ni jino halisi la mtoto ambalo halijakomaa. Anayekitoa anamwachia mtoto kidonda kilicho wazi, pengine na sumu kwenye damu, na jino la kudumu lililo chini linaweza kuja limepinda au lisije kabisa. Na kikohozi kiko pale pale, kwa sababu kilikuwa kifuani tangu mwanzo.

Bibi hakosei kumfungua mtoto mdomo. Nimesema jioni nzima kwamba vinywa viangaliwe. Lakini mtoto mchanga mwenye homa na kikohozi, ukishautazama ufizi, funga mdomo wake umvue nguo, utazame kifua. Akiwa ametulia, hanyonyi wala halii, hesabu pumzi zake dakika nzima kwa saa ya simu. Aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi. Wa miezi 2 hadi mwaka mmoja, 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Au kifua kinabonyea ndani kila anapovuta: hiyo ni dalili ya nimonia, na zahanati yoyote ya kijiji inajua cha kufanya. Nenda saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na mganga wa zahanati itabidi umgongee mlango.